Mama Alipokuwa Mshukiwa Wangu

Kichwa changu hakishiki maneno matupu, hakijawahi kushika. Kwa hivyo nilipofika chuo cha polisi huku Nyeri, gwaride halikunitisha wala baridi ya mlima haikunitisha. Kilichonitoa jasho ni sheria. Vifungu juu ya vifungu, vyote kwa Kiingereza cha mahakamani, na mwalimu alituambia siku ya kwanza kwamba kuruti akianguka sheria anarudi kwao na sanduku lake. Nilikuwa nimejaribu kuingia polisi mara mbili nikakataliwa. Kurudi kwetu Gakindu na sanduku mkononi, majirani wakiniangalia? Afadhali ardhi ipasuke inimeze.

Kila kuruti alikuwa na ujanja wake. Wengine waliimba vifungu wakikimbia asubuhi. Wengine walichukua herufi za kwanza wakaunda neno, halafu siku ya swali wanakumbuka neno na hawajui lilikuwa la nini. Jirani yangu wa kitanda, msichana wa Meru mwenye kicheko cha kuamsha bweni zima, ndiye aliyenionyesha njia yake.

"Peleka sheria kwenu nyumbani," aliniambia. "Kila kosa lipe mahali pake, na mtu unayemjua alifanye. Ukiulizwa, unaenda tu kuangalia."

Shida ni kwamba kwetu hakukuwa na watu. Baba alishatutoka zamani, nyanya yetu, shosho, pia, na dada yangu ameolewa Kangema. Basi makosa yote ya nchi hii yalimwangukia mama.

Jikoni niliweka wizi: mama anachota sukari ya shosho kutoka kwenye mkebe, bila ruhusa, bila haki nayo, na hana nia ya kuirudisha. Dirishani niliweka kuvunja nyumba. Mchana ni kosa moja na usiku ni lingine, kwa hivyo nilimwona mama amening'inia hapo mara mbili, mara moja na jua mgongoni, mara ya pili na tochi mdomoni. Kwenye zizi la mbuzi nikaweka wizi wa kimabavu. Hapo mama ana panga, ana mwenzake, na anampiga mtu, na katika hayo matatu moja tu linatosha kumfunga. Mwenzake nilimpa beberu, maana sikuwa na mtu mwingine. Ile njia ya kutoka jikoni hadi getini, katikati ya kahawa, ikawa safari ya mshukiwa: kukamatwa, kuelezwa sababu, kunyamaza akitaka, kumwita wakili, na pale getini ndipo mahakama, kabla ya saa ishirini na nne kuisha.

Jumapili tulirudishiwa simu kwa muda mfupi. Nilimweleza mama nikidhani atakasirika. Alicheka hadi akakohoa.

"Ati mimi? Mimi mama wa kanisa? Wee!" Halafu akauliza, "Sasa hiyo sukari, uliniona nikichukua ama uliambiwa?"

Tangu siku hiyo hakunisalimia tena kama watu. Nikipiga simu anaanza: "Afande, leo niko na kesi gani?" Nami namkamata. Siku moja nilimsomea haki zake kwa Kiingereza, vile tulivyofundishwa, akanikatiza.

"Hiyo sijaelewa. Niambie na Gikuyu."

"Mama, wacha mchezo, muda wa simu unaisha."

"Si wewe ulisema ni lazima nielezwe na lugha naelewa? Basi mimi sitoki hapa jikoni."

Ikabidi nirudie yote kwa Gikuyu, na simu ikakatika kabla hatujafika getini. Nilikasirika na nikacheka pamoja. Darasani, sehemu hiyo haikunisumbua tena.

Mama alifariki mtihani ukiwa karibu. Presha. Aliamka vizuri, akachuma kahawa, akasema kichwa kinamuuma, akalala. Niliitwa ofisini nikaambiwa nikiwa nimesimama wima, mikono ubavuni, na nikajibu, "Ndio, afande," kwa sababu hivyo ndivyo tulivyojibu kila kitu.

Walinipa ruhusa fupi ya kwenda kuzika. Nilipofika getini kwetu, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa mama. Kilikuwa mahakama. Nikatembea katikati ya kahawa na mdomo unaenda wenyewe: wakili, kunyamaza, sababu. Niliingia jikoni, wanawake wa kanisa wakiwa wanapika chai ya matanga, nikamtafuta mama yangu pale, yule wa kila siku, yule wa kuniuliza kama nimekula. Nikapata mwizi wa sukari tu. Kaburini dada yangu alilia hadi akashikwa na watu. Mimi nilisimama nikiwa mkavu. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, huyu tayari ni askari. Yaliniuma maneno hayo.

Niliporudi chuoni, yule msichana wa Meru alinishauri nihamishe sheria, niipeleke sokoni au kanisani. Nilijaribu, haki ya Mungu nilijaribu. Nikiuweka wizi sokoni, unarudi jikoni kwa mama.

Swali la kwanza la mtihani lilihusu haki za mtu aliyekamatwa. Wenzangu waliinama wakaanza kuandika. Mimi nilikaa nikiangalia karatasi, naogopa kuingia kule jikoni kwetu. Halafu nikaingia, na mama alikuwa hai. Alikuwa anapangusa mikono kwenye leso. Leo niko na kesi gani? Nilimkamata. Nilimweleza sababu, nikamsomea haki zake kwa Gikuyu, yote, bila kuruka, huku mkono ukiandika Kiingereza. Nilimtembeza polepole katikati ya kahawa kwa sababu nilijua tukifika getini swali limekwisha. Msimamizi alikuja akasimama juu yangu, akauliza kama naumwa, maana karatasi ilikuwa imelowa.

"Hapana, afande," nikasema, nikampeleka mama hadi getini.

Nilifaulu. Siku ya kufuzu dada yangu alikuja peke yake, akapiga vigelegele vya kutosha watu wawili.

Sasa niko kituoni upande wa Kiriaini. Nikikamata mtu namweleza haki zake bila kubabaika, na wakubwa wangu hunisifu kwa hilo.

Juzi juzi tulilijengea kaburi la mama. Baada ya maombi tukaombwa kusema machache. Nilisimama wa kwanza, askari ataogopaje watu? Nikawasimulia kesi za mama, panga, tochi, beberu. Watu walicheka wakashika mbavu. Nilipotaka kuendelea na mengine yake, hayakuwepo. Nilisimama pale nikitafuta, mdomo wazi, mpaka mzee wa kanisa akadhani ni machozi akaniambia keti, mwanangu, pole.

Dada yangu akasimama. Alisema kwamba jioni za baridi mama alikuwa akituosha miguu jikoni kwa maji ya moto, na kila kidole alikipa jina la mtu wa kwetu aliyetangulia, ili tusije tukakosa kuwajua. "Na huyu," akanielekezea mkono, "alikuwa hakubali mguu utolewe kwenye karai mpaka kile cha mwisho kitajwe tena."

Watu wakaniangalia wakitabasamu. Mimi sikukumbuka. Wala maji, wala majina, wala mkono wa mama kwenye mguu wangu.

Walipoondoka nilimvuta dada kando nikamwomba anieleze tena.

"Kwani we hukuwa hapo?" akaniuliza.

"Nieleze tu."

Akaanza upya, kidole baada ya kidole, na mimi nikamsikiliza kama mtu anayepewa habari za mama wa wenyewe.