Keltoum na Upepo wa Umeme

Miaka ishirini na miwili Keltoum Benhaddou alikula mshahara wa kuua cheche. Katika kiwanda cha televisheni pale Sidi Bel Abbès, kazi yake ilikuwa kulehemu nyaya za volti nyingi nyuma ya kioo. Penye ncha yoyote umeme huvuja hewani, ukivuma kama nyuki na kutoa harufu kali, naye aliuzima kabla msimamizi hajausikia. Kiwanda kilipopunguza watu, akakaa nyumbani miezi minane, hadi chuo kikuu kilipotafuta fundi wa maabara.

Daktari Senouci, mtafiti wa maabara hiyo, mwanamke mrefu asiyejua kutulia, alimwonyesha rejeta ya mabomba ya shaba na mapezi ya alumini, vibamba vyembamba vya kutolea joto.

"Maji ya moto yanapita humu," alisema. "Hewa iliyo karibu na mapezi inashika joto na kung'ang'ania palepale kama blanketi. Nitandikie nyaya mbele yake, nyembamba kama unywele, tuzipe volti elfu kumi na nane. Umeme ukivuja unasukuma hewa, blanketi linachanika, joto linatoka."

"Yaani unataka uvuje?"

"Ndiyo, uvuje."

"Daktari, mimi nimeona watu wakifukuzwa kazi kwa hilo."

Akazitandika hata hivyo. Lakini kila walipofika volti elfu kumi na nne, cheche ililia paa! na waya ukakatika. Wiki tatu zikaenda hivyo. Anouar, mwanafunzi aliyekuwa akiandika tasnifu juu ya rejeta hiyo, aliilaumu mashine ya umeme, na Daktari akaanza kutafuta nyingine.

Siku moja mchana, Anouar akiwa bado anatafuna mkate wenye karantika, unga wa dengu uliookwa, Keltoum alivuta mapazia.

"Pandisha volti polepole, mwanangu. Usizungumze."

Gizani nyaya zikatoa nuru hafifu ya zambarau. Mwishoni mwa kila waya palikuwa na nukta inayong'aa kuliko kwingine kote.

"Nani amezikata ncha hizi?"

"Mimi, mama. Nilitaka zipendeze."

"Zimependeza kweli. Umeniachia miiba. Umeme ukiuona mwiba hauna habari na kwingine."

Umeme ulipozimwa, akapasha chuma chake cha kulehemu na kuifunika kila ncha kwa tone la risasi, la mviringo, laini kama punje ya dengu. Ni kazi aliyoweza kuifanya amefumba macho. Kisha wakapandisha volti: elfu kumi na nne, kumi na sita, kumi na nane. Mvumo tu. Maji yaliyokuwa yakitoka na nyuzi hamsini na mbili yakashuka hadi arobaini na saba, wala feni iliyokuwa ikiipuliza rejeta haikuongezwa mwendo.

"Soma tena," Daktari alisema, na Anouar akasoma tena.

Keltoum alifungua dirisha ili harufu itoke. Mkono wake ulikuwa bado unawasha kutaka kuzima swichi, na ilimchukua karibu mwaka mzima kuizoea sauti ile bila kushtuka.

Anouar alifaulu, akaenda kufundisha mjini Oran. Rejeta haikufika sokoni, kwani vumbi hugandia nyaya na nguvu hupungua. Daktari anatafuta dawa ya hilo. Kwa sasa, kila Jumapili asubuhi, wiki ya kazi inapoanza, Keltoum huzima umeme, huzigusisha nyaya na waya wa ardhini ili umeme uliobaki uishe, na kuzifuta moja moja kwa kitambaa cha pamba.