Mwalimu Aliyesubiri Shikamoo

Juzi Runzewe niliingia dukani kwa mama mmoja anayeuza makarai na sururu za wachimbaji. Binti yake ana usonji na haongei, na siku hiyo walikuwa wanamsubiri mwalimu wa kumfundisha nyumbani.

Mwalimu akaja na tai shingoni, jua likiwaka. Akaweka mkoba chini, akasimama mbele ya mtoto aliyekuwa sakafuni anapanga makarai, madogo ndani ya makubwa. Akasubiri. Mtoto akaendelea kupanga.

"Mbona haniamkii?"

"Mwalimu, si nilikwambia kwenye simu? Haongei."

"Shikamoo ni adabu, mama. Mimi siwezi kuanza na mtoto asiye na adabu."

"Sasa akishaweza kukuamkia, wewe nitakuitia nini?"

Mwalimu akakunja mikono, akazidi kusubiri. Ndipo mtoto akainuka, akaokota ule mkoba, akamkabidhi mwenyewe mkononi, akamfungulia mlango wa wavu, kisha akarudi kwenye makarai yake.

Wateja tukainamisha nyuso tusicheke. Mwalimu akatugeukia: "Huyu mtoto anataka nini?"

Na ndiye aliyejitangaza mjini kwamba anawaelewa watoto wasioongea.