Bibi Harusi wa Kilosa

Haya jamani, sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi amalize, maana nikianza sirudii!

Nyie mnajua simu? Simu tulikuwa nazo sisi, enzi za Ujamaa, pale Mchafukoge. Ukitaka kuongea na mtu wa Kilosa, unaomba laini kwa operata asubuhi umenyoa, ukija kuipata ndevu zimeota. Na ukiipata, unapiga kelele mpaka kunguru wa Posta wanahama. Mimi nasema yule wa Kilosa alikuwa anakusikia dirishani tu, waya ulikuwa urembo.

Tajiri yangu alikuwa anauza vitunguu Kariakoo, mimi namvutia mkokoteni. Vitunguu vinapanda treni Kilosa, vinashuka stesheni, nami navikokota mpaka gengeni. Siku hizi mnasema miundombinu. Yetu ilikuwa reli, simu na mgongo wangu.

Sasa balaa lilikuwa hiyo simu. Tajiri akiuliza tu, "Mzigo unafika lini?" mtaa mzima umeshasikia. Wateja wanarudisha vitunguu chini: "Aa, tajiri, sisi tunangoja vipya." Vya zamani vinadoda, vinaota majani, ungedhani kafungua bustani.

Basi akapanga na mtu wake wa Kilosa, kwenye simu mzigo wauite bibi harusi. Safari hiyo gengeni kulikuwa na rundo la vitunguu kuukuu refu kuliko mnara wa msikiti, na ilikuwa lazima liishe kabla wateja hawajajua kuna vipya. Laini ikakubali.

"Haloo! Bibi harusi yuko tayari? Anapanda leo? Eeh! Mnene? Mwekundu? Hao ndio nnaowapenda mimi! Mfunge vizuri, njiani asilowe!"

Operata naye akaingilia, wallahi tukamsikia mpaka sisi tuliokuwa barabarani: "Hongera sana ndugu, ila muda wako umekwisha."

Tajiri akaweka simu anacheka peke yake. Alasiri ile aliuza mpaka rundo likabaki nusu. Alichosahau ni kwamba mkewe alikuwa ghorofani, anaanika nguo.

Kesho yake tunafika stesheni, tunakuta watu kama mwezi wa Idi umeandama. Wateja wetu wote wapo, na kinamama na vigoma vyao, wamekuja kumwona bibi harusi. Mbele kabisa mke wa tajiri, kajifunga kibwebwe, macho yamevimba kwa kulia.

Tajiri akaninong'oneza: "Geuza mkokoteni, we! Wakiuona mzigo huu, lile rundo la gengeni nitalila mwenyewe!"

"Nigeuze niende wapi, tajiri? Nipae?"

Mkewe keshafika. "Yuko wapi?"

"Nani, mke wangu?"

"Huyo mnene! Huyo mwekundu! Huyo asiyetakiwa kulowa!"

 Na kuli naye, mtu wa watu, hajui hili wala lile, akavuta mlango wa behewa, krrrr! Magunia mpaka darini, harufu ikatupiga wote usoni.  Mama yule akapanda, akatumbukiza mkono guniani, akatoa kitunguu kikubwa kama kichwa changu, akakiinua juu Kariakoo nzima ione:

"Jamani, mke mwenzangu ndiye huyu! Hata hajamenywa, keshaniliza!"