Jumapili ambayo meseji ya UP haikuja

Wakuu, salamu kwenu mlio kazini na mlio kijiweni.

Jana humu watu wamebishana sana kama hizi huduma za kulipia mtandaoni za ku-monitor server zina maana yoyote kwa biashara ndogo. Mimi sitabishana, nasimulia tu yaliyonikuta. Majina nimebadilisha, mengine ni kama yalivyotokea. Asiyeamini asome kama anapitisha muda.

Miaka ya elfu mbili, kabla intaneti haijaingia mifukoni, nilikuwa IT wa kampuni moja ya kupandisha wageni mlimani, hapo Moshi mjini.

Nikisema IT namaanisha mimi peke yangu. Natengeneza printa, nafundisha watu kutuma email, na balbu ikiungua naitwa mimi pia.

Ofisi ilikuwa kwenye nyumba ya ghorofa moja ya familia ya Kiismailia. Chini biashara, juu makazi. Bosi wangu nimwite Karim. Aliishi juu na mkewe, watoto, na baba yake, Mzee Sadru. Mzee alikuwa mgane, biashara alishamwachia mwanae, lakini kila asubuhi alishuka kuhakikisha tumefika.

Server yetu ilikaa stoo, pembeni ya ngazi. Website, email na booking zote zilikuwa humo.

Sasa wageni wa Ulaya wakaanza kulalamika kwamba site haifunguki. Sisi tukifungua, inafunguka. Wao wanasema haifunguki.

Karim akasoma mahali kuhusu huduma ya kujiunga kwa mwezi. Wako nje huko, kompyuta zao zinagonga hodi kwenye server yako kila baada ya dakika chache. Isipoitikia unaletewa taarifa: DOWN. Ikiitikia tena: UP. Basi, hakuna maneno mengine.

Kulipia ilibidi kaka yake aliyeko Kanada atumie kadi yake, maana hapa wakati huo kadi za aina hiyo hatukuwa nazo.

Mwanzoni taarifa zilikuja kwa email. Yaani habari kwamba server imezimika zilikuwa zinatumwa kwenye server iliyozimika. Ikiwaka, zinaingia zote kwa pamoja, tunazisoma kama historia.

Nikaweka namba yangu ya simu.

Hapo likazuka la nyumbani. Mama Brenda, mke wangu, akaona namba ndefu ya nje inanitumia neno moja, baadaye neno jingine.

"Huyu anayekuandikia down na up ni nani?"

Nikamwambia ni kompyuta. Akaniuliza tangu lini kompyuta ina namba ya simu. Ilibidi nimpeleke ofisini, nichomoe waya mbele yake, tukae kusubiri. Meseji ikaingia. Akasema sawa, tukaenda sokoni.

Turudi kwenye mada. Baada ya muda nikaona kitu. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, DOWN. Kabla ya chai ya jioni, UP. Mgao wa umeme hauna adabu ya namna hiyo.

Jumapili moja nikaenda kukaa stoo. Kwenye saa nane nikasikia kandambili zinashuka ngazi. Mzee Sadru, tochi mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye meni swichi ya ofisi.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Leo Jumapili, unafanya nini hapa?"

"Natafuta anayezima umeme."

"Umempata," akasema, akazima.

Nikamweleza kwamba kuna watu Ulaya wanatazama website yetu hata Jumapili.

"Hawaendi kanisani?"

"Wengine hawaendi, Mzee."

Akafikiri. Akaniambia aliwahi kuona duka la jirani likiteketea kwa sababu ya waya, wenyewe wamelala. Siku za kazi sisi tupo, tutasikia harufu ya moshi, na usiku usingizi wake ni mwepesi. Jumapili hakuna mtu chini, na yeye lazima alale mchana. Kwa hiyo anazima, analala, akiamka anawasha.

Nikampelekea Karim kesi, naye akasema mwache mzee, Jumapili mchana wateja ni wachache.

Ile huduma ilikuwa na sehemu ya kuiambia isitume taarifa saa fulani. Sikuigusa. Nilishazoea ile DOWN na UP ya Jumapili kama unavyozoea kengele ya kanisa.

Sasa siku yenyewe.

Karim na familia walikuwa Nairobi kwenye harusi. Mzee aligoma kwenda, akasema harusi za siku hizi ni kelele. Dada wa kazi alikuwa mapumziko kwao Masama. Mimi nilikuwa Marangu kwa baba mkubwa, binti wa dada yangu amepata komunyo ya kwanza. Kihamba kizima, shamba letu la ukoo, kimejaa watu, machalari ya ndizi na nyama yanapakuliwa, pombe ya mbege inazunguka.

DOWN ikaja kwa wakati wake. Nikarudisha simu mfukoni.

Chai ikanywewa. Hotuba zikaanza. UP haijaja.

Nikadhani ni mtandao, maana kule mlimani ulikuwa wa kubahatisha. Nikasogea kwenye migomba, nikamwambia Mama Brenda anitumie meseji. Ikaingia hapo hapo.

Nikampigia Mama Neema, anauza soda mkabala na ofisi. Nikamuuliza kama umeme upo. Akasema upo, friji lake linaunguruma. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia hakuna kitu.

Nikapiga simu ya mezani ya juu kwa mzee. Ikaita mpaka ikakata. Mara ya pili vilevile.

Nikampigia Karim. Nilisikia muziki wa harusi nyuma yake.

"Labda amepitiwa na usingizi," akasema. Halafu muziki ukapungua, ametoka nje. "Baba halali mpaka saa hizi. Nenda."

Baba mkubwa alikuwa katikati ya hotuba, na kwetu huondoki mzee akizungumza. Nikamwendea nimeinama.

"Baba mkubwa, naomba ruhusa. Server haijawaka."

"Nani?"

"Kuna mzee kazini yuko peke yake. Nahisi kapatwa na kitu."

"Sasa si useme mtu," akasema. "Aloyce, washa gari umpeleke."

Aloyce ni binamu yangu, ana pikapu ya kubebea ndizi. Tukateremka kuelekea Moshi. Nilikuwa nafikiria nikimkuta mzee anakunywa chai yake, nitamwambia nimefuata nini. Niliomba sana nimkute anakunywa chai.

Ufunguo wa ofisi nilikuwa nao. Ndani giza. Mzee Sadru alikuwa amekaa sakafuni chini ya meni swichi, mgongo ukutani, mdomo umekwenda upande. Macho wazi, ananitazama.

"Shikamoo Mzee," nikasema. Sijui kwa nini nilianza na hiyo.

Akaitikia. Neno halikutoka zima, lakini aliitikia.

Tulimbeba mimi, Aloyce na mume wa Mama Neema. Hospitali wakasema ni kiharusi, na kwamba angelala pale mpaka asubuhi tungekuwa tunaongea mengine. Nilikaa kwenye benchi la korido mpaka mashemeji zake Karim walipofika.

Server ilikaa imezimwa mpaka kesho yake jioni. Hakuna aliyeuliza.

Mzee alipona, siyo sana. Alitembea na fimbo, mkono wa kushoto ukabaki mzito. Alipoweza kuongea vizuri aliniita juu.

"Hao watu wa nje walijua nimeanguka?"

"Hapana, Mzee. Walijua kompyuta haiitikii."

"Na wewe?"

"Mimi nilijua huwa unawasha kabla ya chai."

Akatikisa kichwa, akaniagizia chai.

Baadaye website na email tukazihamishia kwenye server ya kukodi nje. Nikamwambia Karim ile huduma ya stoo sasa tuisitishe, hakuna cha kulinda pale. Mzee akakataa. Akasema kompyuta ya zamani ibaki palepale, malipo yaendelee, na Jumapili yeye ataendelea kuzima na kuwasha.

Basi kwa miaka kadhaa kampuni ililipia kila mwezi ku-monitor mashine isiyo na kazi yoyote. Aliyekuja kukagua mahesabu aliniuliza ni ya nini. Nikamwambia aende juu akamuulize mzee. Alirudi na andazi, hakuuliza tena.

Nilichojifunza: ile huduma inakwambia kitu hakiitikii, basi. Kwa nini hakiitikii, hilo ni lako wewe unayewajua watu wa pale. Na taarifa ambayo haijaja nayo ni taarifa.

Waliowahi kutumia huduma hizi waseme zimewasaidia nini au zimewala bure. Ila wewe mwenye mzazi anayeishi peke yake, kabla hujacomment mpigie kwanza. Uzi hauendi popote.