Tisini na Moja

Mwalimu Karambu alikuwa amefundisha Mbeere, nyanda kavu za Embu, kwa miaka kumi na minane tangu aolewe huko kutoka Timau, Meru. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Siku moja ya Novemba 1996 aliipaza, mpaka watoto waliokuwa wakifagia uwanja wakasimama na mifagio mikononi.

Darasa la saba lilikuwa limefanya mtihani wa kumaliza mwaka. Aliyepata chini ya alama 350 angerudia darasa, na Njoki binti Mbaka alikuwa na 349. Mbaka alikwisha kusema mbele ya watu: binti akirudia, basi shule imemshinda, atakaa nyumbani aolewe. Karambu aliyajua maneno hayo. Baba yake mwenyewe aliwahi kuyatamka, naye akapoteza miaka minne akichimba viazi vya watu kabla ya kurudi darasani.

Katika ofisi ya walimu akaisoma karatasi ya Njoki. Ipi kati ya 51, 57, 87 na 91 ni namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe? Wenzake wote arobaini walichagua 91. Njoki hakuchagua kitu. Pembeni aliandika: “7 × 13 = 91. Hakuna.” Mwalimu Ireri, aliyeutunga mtihani, alikuwa amelikata jibu hilo kwa kalamu nyekundu.

“Ireri, tisini na moja uliijaribuje?”

“Kama kawaida. Mbili, haigawanyiki. Tatu, hapana. Tano, hapana. Kumi na moja, hapana.”

“Na saba?”

Ireri akacheka. “Ai, mwalimu! Hiyo ina mkosi, huku hatuitaji. Mbuzi wa baba wakifika sita, tunasema sita na mmoja, tunaendelea. Nimezoea kuiruka.”

“Hata kwetu Meru mifugo haihesabiwi kwa sauti. Lakini darasa si zizi!”

Karambu akamwaga mezani ndengu za kupika alizokuwa nazo kikapuni, akatenga punje tisini na moja, akazipanga: safu saba, kila safu punje kumi na tatu. Haikubaki hata moja. Akazivuruga, akazipanga tena kwa umbo la pembetatu: moja juu, mbili chini yake, kisha tatu, hivyo hivyo mpaka kumi na tatu. Haikubaki hata moja.

“Namba inapangika hivi, nawe umewaambia watoto haigawanyiki!”

Mwalimu mkuu, Mwaniki, akaingilia kati. “Mwalimu, si tumpe msichana hiyo alama moja tuyamalize? Tusimwaibishe mwenzetu.”

“Kumpa? Kwani ni sadaka? Ni yake!”

Ireri akafuta 349, akaandika 350, akatia sahihi bila kumtazama mtu.

“Haya, Njoki anaingia la nane,” akasema Mwaniki. “Umeridhika?”

“Na hao arobaini waliofundishwa uongo?”

“Hao walishapata alama zao, mama. Hakuna aliyelalamika.”

“Hawalalamiki kwa sababu hawajui! Mtu mzima anaogopa neno moja, halafu watoto arobaini wanabeba ujinga wake mpaka kwenye mtihani wa taifa, nanyi mnaniuliza kama nimeridhika?”

Nje kengele ya kufunga shule ililia. Karambu akakusanya ndengu zake kwenye kikapu, akavuka uwanja, akasimama mlangoni mwa darasa la saba na kuziba njia kwa mwili wake.

“Hakuna anayetoka. Rudini mkae. Toeni madaftari.”