Hamira Inayokataa Shaba

Baba yangu alifanya kazi ya shaba maisha yake yote, kwanza kwenye kinu cha kusagia mawe, kisha kwenye tanuri. Baba yake naye aliletwa kutoka Kasai kwa ajili ya shaba hiyo hiyo. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba tasnifu yangu ya chuo kikuu inahusu hamira inayokataa shaba, aliweka kikombe chini akanitazama kana kwamba nimetukana ukoo.

"Hamira ya mukate?"

"Njo ile, Papa."

"Inakataa shaba? Hapa Likasi?"

Nikamweleza polepole. Seli ya hamira imezungukwa na utando, na kwenye utando huo zimo protini zinazopitisha vitu, kama milango. Mmoja wa milango hiyo kazi yake ni kuingiza shaba. Shaba ikiwa haba, mlango unakaa mahali pake. Ikizidi ni sumu, basi seli inaubandika mlango ule protini ndogo iitwayo ubikuitini, ambayo ni alama tu. Mlango wenye alama unavutwa ndani, unapelekwa kwenye kifuko kilicho kama tumbo la seli, na huko unasagwa.

Baba akakichukua tena kikombe chake. "Utafasiria hapa kwetu kwanza," akasema. "Kama bajirani habasikii, baprofesa nabo habatasikia."

Jumapili baada ya misa akatoa viti vyote uani, akaita majirani, akanipa chaki nyekundu niliyokuwa nikifundishia watoto wa mtaa. "Andika ku mulango. Batu baone." Nikachora msalaba kwenye mlango wa jikoni, nikaeleza, nikausukuma ndani. Majirani walipiga makofi kwa adabu, wakanywa munkoyo, wakaenda zao.

Nilidhani yameisha. Jioni baba akachukua chaki ile akaenda kutembea. Kila alipoona mlango mzuri aliuchora msalaba, na mwenye nyumba akiwapo alimweleza habari za shaba na hamira. Wengi hawakuwapo.

Majuma hayo hayo, kando ya barabara ya kwenda Kambove, nyumba zilizojengwa karibu mno na mtaro zilikuwa zikipakwa misalaba ya rangi nyekundu. Kila mtu mjini alijua maana yake: zitabomolewa.

Fundi cherehani aliyepanga chumba chetu cha nyuma alikuwa kwenye matanga Kapolowe. Aliporudi asubuhi akakuta msalaba mlangoni kwake. Hakumwuliza mtu. Nilisikia nyundo, nikatoka, nikamkuta amekwisha kuung'oa mlango kwenye bawaba na anauingiza chumbani kiubavu.

Baba naye akatoka, na mswaki mdomoni. "Mulango iko wapi?"

"Iko ndani, Papa. Nimeilaza ku kitanda. Bakikuya kubomoa, babomoe ukuta. Mulango ni yangu, nilitengenezesha miye mwenyewe."

Nikafungua mdomo kueleza. Baba akanishika mkono. Uso wake ulikuwa unang'aa.

"Umeona?" akaninong'oneza. "Alama imekamata, mulango imeingia ndani. Weye ulisema kweli."

Kufikia saa wanayopita wauza mikate ya moto, mtaa mzima ulikuwa unagonga nyundo. Watu walipita wamebeba milango vichwani, wakisalimiana kama kawaida. Mjane wa katekista, jirani yetu wa kushoto, yeye hakung'oa. Alikuwa amefuta msalaba wake na sasa anapaka mlango mawese, kutoka juu mpaka chini.

"Juu ya nini mafuta, Mama?"

"Chaki haishike ku mafuta, mutoto wangu. Barudie sasa, tuone."

Halafu akaja shefu wa mtaa, amevaa koti, ametoka ofisi ya komini kuuliza nani ameamuru ubomoaji bila yeye kujulishwa. Baba akampa kiti, nami nikaambiwa nianze upya. Shefu alisikiliza kwa makini sana.

"Sasa nani njo anatuma ile alama?" akauliza.

"Hakuna anayetuma, Papa Shefu. Kuko protini ingine inayobandika."

"Basi ile njo shefu."

Nikasema tunaweza kusema hivyo.

"Na kuitosha? Nani iko na ruhusa ya kuitosha?"

Nikamwambia ziko protini za kazi hiyo pia. Zinaibandua alama kabla mlango haujasagwa, na alama inatumika tena kwingine. Shefu akasimama, akaomba kitambaa na ndoo ya maji. Nilitaka kumsaidia, akakataa. Kazi hiyo, alisema, si ya kila muntu. Akaupita mtaa wote na koti lake, akifuta milango iliyobaki, na ile iliyolazwa vitandani akaingia kuifuta humo humo.

Milango ikarudishwa. Wa fundi cherehani ukarudi kichwa chini, kitasa usawa wa magoti, akasema atauzoea.

Siku ya kutetea tasnifu, kule Lubumbashi, baba alikaa nyuma na suti yake ya Jumapili. Profesa mmoja akaniuliza: nitajuaje kwamba ni alama inayouondoa mlango, si shaba yenyewe? Swali zuri, na jibu nilikuwa nalo. Ukibadilisha zile sehemu za protini ambapo ubikuitini hushikia, shaba hata ijae namna gani, mlango unabaki kwenye utando. Nilipaswa kunyamaza hapo. Lakini mdomo ukaongeza, "Ni kama kupaka mawese." Maprofesa wakatazamana. Mmoja akaandika neno hilo. Nyuma kabisa baba alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kama shahidi.

Nilifaulu. Baba akatangaza parokiani kwamba binti yake sasa ni mtaalamu wa milango, na sikuweza kumsahihisha mbele ya watu waliokuwa wananishika mkono.

Wa kwanza kuja alikuwa mzee kutoka Kamatanda, na kufuli kwenye mfuko wa plastiki. Nilimkaribisha, nikamweleza kwa heshima kwamba mimi ni wa seli za hamira. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Asante, docteur," akasema. "Sasa hii, inafunga lakini haifungue."

Baada yake wamekuja wengine. Wiki iliyopita nimenunua bisibisi.