Kaburi la Mzee Gervasi

Mimi ni mwoga, na wala sioni haya kusema. Siku ile ya Kidahwe mguu wangu wa kulia ulitetemeka ndani ya Landrova mpaka askari aliyekaa mbele yangu akaniuliza kama nina malaria. Nikamwambia ndiyo. Ningemwambia nina hata kichaa, ilimradi asiniulize jingine.

Lakini habari hii si yangu. Ni ya Madamu Skolastika Samson, mkufunzi wa hesabu na mshauri wetu wa masomo katika chuo kimoja cha ualimu, kilimani, si mbali na Mwanga ya huku kwetu Ujiji. Kila mkufunzi alipewa kundi la wanachuo wa kuwashauri. Wengine walikuita ofisini, wakakusomea alama zako kwa sauti ya msiba, wakakuambia ongeza bidii. Yeye alikuja kwenu. Alikuja bila taarifa, akala kilichokuwepo, akaosha sahani yake mwenyewe hata mkimkataza, halafu ndipo anaanza kuuliza. "Siwezi kumshauri mtu nisiyejua analala wapi," alisema.

Nyumbani kwetu Ujiji alikuta bamia na ugali. Akauliza nasomea wapi. Sote tukatazamana, maana hapakuwa na meza. Akamgeukia baba yangu, fundi cherehani, Mzee Chande, mtu asiyeambiwa neno na mwanamke: "Baba Mwamini, jioni hicho cherehani kipumzike, mtoto asomee juu yake." Baba akasema sawa. Mama yangu mpaka leo anasimulia sawa ile kama muujiza.

Uongo ndio hakuuweza. Oswald, mwenzetu wa kundi, alikosa jaribio akasingizia msiba wa shangazi yake. Madamu akafunga kitenge, akaenda kutoa pole, akamkuta marehemu anatwanga muhogo. Oswald alicheka na sisi miaka mingi baadaye, lakini wiki ile hakucheka. "Mwalimu mwongo huzaa darasa zima la waongo," Madamu alitwambia, na tulijua hatanii.

Katika kundi letu alikuwepo pia Pastory Martini, mpole, kichwa cha hesabu kuliko sisi wote. Mama yake alianika dagaa Katonga. Alivuka mpaka mwaka sabini na mbili akitoka Burundi, Pastory mgongoni, mumewe Martini akiwa ameuawa huko nyuma. Hakupelekwa kwenye makazi ya wakimbizi. Alishukia ufukweni kwa watu waliomwonea huruma, akabaki. Pastory akasoma hapa, akafaulu hapa, akaletwa chuoni kama sisi. Mwaka wa kwanza alikwenda kwa Madamu kumwambia anaacha chuo. "Madamu, mimi si wa hapa. Ikijulikana, nitaharibikiwa mbele ya watu." Madamu, aliyekuwa amekwisha kula dagaa za mama yule na kuzisifu, akamjibu: "Kaa usome. Mtu hatafutwi darasani."

Huo ndio ushauri aliompa. Yaliyofuata yote yalitoka hapo.

Mwaka wa tisini na saba mambo yakageuka. Kambi za wakimbizi zilikuwa zimejaa, malori yalipita barabara ya Kasulu kutwa, na kila mtu sokoni alikuwa na kisa cha mbuzi aliyeibwa au bunduki iliyoonekana. Ikatoka amri kwamba wageni wote wanaoishi nje ya kambi wakusanywe. Asubuhi moja askari wakafika Katonga. Mama yake Pastory alichukuliwa akiwa ameinama juu ya dagaa zake. Tulipokwenda jioni tulikuta dagaa bado zimetandazwa mchangani, kunguru wanakula, na jirani mmoja anawafukuza kwa uvivu kama mtu anayelinda mali isiyo na mwenyewe.

Pastory aliacha kula. Alitaka kukimbia, lakini Madamu akamwambia akikimbia atakuwa amejitaja mwenyewe. Basi akabaki, na sisi tukabaki na hofu yake. Gari likiunguruma kilimani, darasa zima linanyamaza na mkufunzi anasahau alichokuwa anaandika ubaoni. Nilikuwa namtazama shingo yake, amekaa mbele yangu, na naona mshipa unavyopiga. Mitihani ya mwisho ilikuwa imekaribia. Akichukuliwa, cheti hakuna, na nani ajue kama kambini ndio mwisho wa safari au atarudishwa kule alikouawa baba yake.

Askari walikuja Jumanne, baada ya chai. Tulipangwa mstari uwanjani. Mkubwa wao alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini na viatu visafi, na upole wake ndio ulionitisha zaidi; mtu anayefoka unajua hasira yake imefika wapi. Akamuuliza mkuu wa chuo ni nani anayewajua vijana hawa makwao.

"Madamu Skolastika," mkuu wa chuo akasema, tena kwa fahari. "Huyo amekula ugali wa karibu kila nyumba."

Alidhani anamsifu. Nilimwona Madamu anashika ncha ya kitenge chake.

Wakati ule vitambulisho vya taifa hatukuwa navyo, na lugha haikusaidia, maana Kiha na Kirundi ni mtu na nduguye. Kwa hiyo ofisa yule alikuwa na swali lake moja. Hakuuliza umezaliwa wapi. Aliuliza babu yako kazikwa wapi, na akikutilia shaka anakupakia garini ukamwonyeshe. Mtu anaweza kubeba godoro na sufuria akavuka navyo, alisema, lakini kaburi halibebeki.

Nilipofikiwa nikasema Ujiji, na Madamu akaitikia kwamba nyumba anaijua. Nikapita. Nacheka kwa uchungu nikikumbuka. Babu wa babu yangu alitoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, na misafara ya biashara, hana hata mche mmoja aliopanda upande huu kabla ya hapo. Nusu ya Ujiji ni hivyo hivyo. Ila sisi makaburi yetu yamezeeka, basi tumekuwa wenyeji.

Wakafika kwa Pastory. Ofisa akauliza swali lake. Akasubiri kwa adabu. Askari mmoja akasogea.

"Kidahwe," Madamu akasema. "Ni mtoto wa marehemu Martini. Babu yake ni Mzee Gervasi, kazikwa nyuma ya nyumba, kwenye michikichi."

"Umelijuaje kaburi, mwalimu?"

"Nilitembelea kwao. Ndiyo kazi yangu."

Mzee Gervasi wa Kidahwe mimi nilikuwa najua ni nani. Alikuwa baba mzazi wa Madamu. Mwaka mmoja nyuma nilimsindikiza Madamu kupaka chokaa msalaba wa kaburi lile, kwa vile mgongo ulikuwa unamsumbua. Chuoni alijulikana kwa jina la mumewe tu, Samson, na wengi hawakujua hata kama ni mtu wa Kidahwe. Mimi nilijua, na uso wangu haujawahi kuficha kitu.

"Basi twende tukaone," ofisa akasema. Akatutazama, akanichagua mimi. "Na wewe wa kundi lao panda, ili maneno yakipishana tuwe na wa kumuuliza."

Ndipo mguu ulipoanza.

Njia nzima nilisoma dua zote nilizofundishwa madrasa, nikirudia zile fupi. Karibu na Kidahwe ofisa akageuka kutoka kiti cha mbele. "Binti, kaburi la babu wa mwenzako umewahi kuliona?"

"Nimeliona," nikasema. "Msalaba wake una chokaa."

Ilikuwa kweli, neno kwa neno, na bado ulikuwa uongo.

Tuliogopa zaidi yaliyokuwa mbele yetu. Pale nyumbani aliishi Mzee Bonaventura, kaka mkubwa wa Madamu, na Mzee Bonaventura wakimbizi alikuwa hawapendi hata kidogo. Mbuzi wake walikuwa wameibwa, miti yake imekatwa kuni, na akisikia habari za kambi anatema mate. Neno lake moja lingetosha kuwamaliza Pastory na Madamu pamoja.

Alitoka kwenye michikichi na panga mkononi. Madamu alishuka kabla gari halijasimama vizuri.

"Shikamoo, Mzee," alimwambia kaka yake, kama mtu anayemwona mara ya pili maishani. "Mimi ni yule mwalimu wa Pastory, mtoto wa marehemu Martini. Wageni hawa wanataka waonyeshwe kaburi la babu yake, Mzee Gervasi."

Mzee Bonaventura akamtazama dada yake. Akatazama askari, mmoja mmoja, akanitazama mimi na mguu wangu. Mwisho akamtazama Pastory, na alimtazama muda mrefu kiasi kwamba askari mmoja alianza kushika mkanda wake. Nilitaka kukimbia. Nasema kweli, kama miguu ingenitii ningewaacha wote pale.

"Wewe!" mzee akafoka. "Huna haya? Unakuja na wageni, kaburi la babu yako limeota nyasi mpaka msalaba hauonekani! Chuo ndio kinakufundisha hivyo? Martini angekuwa hai ungefanya ujinga huu?"

Akaingia ndani, akatoka na jembe, akamtupia miguuni. Pastory akaliokota. Akapiga magoti penye nyasi, akalima huku machozi yanamdondoka, na mzee amesimama juu yake anamtukana kwa Kiha bila kupumua, tusi la mzee kwa mtoto wa ukoo, lile ambalo hakuna mtu anayempa mgeni. Ofisa aliangalia mpaka msalaba ukaonekana. Kisha akamwelekeza kidole Madamu.

"Na huyu mama mnamfahamu?"

"Mwalimu," Mzee Bonaventura akasema. "Si kashasema mwenyewe?"

Madamu aliinamisha kichwa kama mgeni anayeshukuru.

Tulipokuwa tunaagana, mzee akamwambia Pastory kwa sauti ya kusikika: "Tarehe mbili mwezi ujao, Siku ya Marehemu, nakusubiri wewe. Mwenye kaburi hili ni wewe." Akampita dada yake karibu sana na kusema chini chini, nami nilisikia: "Ulichokitoa umekitoa. Usije ukalirudia kaburi hili, utatuua."

Ofisa alikuwa na mkono kwenye mlango wa gari. "Hata kwetu tunawasha mishumaa siku hiyo," akasema kwa upole wake ule. "Nikipita njia hii nitaangalia."

Siku ya Marehemu nilikwenda, ingawa mimi ni Mwislamu na makaburi ya Wakristo siyajui. Madamu aliniomba nimsindikize. Alisema peke yake hataweza. Padri alipita kijijini akibariki, kaburi baada ya kaburi, na Pastory akawasha mshumaa wa Mzee Gervasi. Madamu alisimama kando ya barabara na mwavuli, kati ya watu waliokuja tu kuimba. Alikuwa amezoea kuweka mkono juu ya ule msalaba kila mwaka. Siku ile mkono uliushika mwavuli. Gari moja likaja kutoka mjini, likapunguza mwendo, likakaa kidogo injini ikinguruma. Hakugeuka. Aliimba mpaka likaondoka, halafu akashindwa kuimba tena.

Pastory alifanya mitihani, akafaulu, akapangiwa shule huko huko njia ya Kasulu. Mama yake alibaki kambini, naye alikwenda kumwona kila alipopata kibali. Kaburi alilihudumia kwa bidii ambayo wajukuu wa kweli hawana. Chokaa kila mwaka, maua ya njano pembeni, na mtu akimuuliza anasema ni babu yake. Madamu hakukanyaga tena pale. Alipostaafu nilimwambia nyakati zimebadilika, yule ofisa huenda amesahau au amekufa, aende tu akamwone baba yake. Akanitazama kama mwanachuo aliyekosea jumla ya kwanza. "Mwamini, watu hawa hawasahau. Na Pastory ana watoto sasa." Aliogopa hivyo hivyo mpaka mwisho, na sijamlaumu, kwa sababu nami niliogopa.

Alifariki miaka kumi na kadhaa baada ya siku ile ya Kidahwe. Alikuwa ameomba azikwe Kidahwe. Msiba ulijaa: wanachuo wake wa zamani, viongozi wa kijiji, watu wa parokia, na watu wengine nisiowajua, ambao ndio niliokuwa nawachunguza. Vijana wa ukoo wakaanza kubishana wachimbe wapi. Mzee Bonaventura, sasa macho yake hayaoni vizuri, akagonga fimbo chini.

"Mwenye makaburi haya yupo," akasema. "Muulizeni yeye."

Wakamgeukia Pastory. Alikuwa amesimama na jembe, mvi zimeanza, analia bila kujificha. Akatembea mpaka ubavuni mwa ule msalaba mweupe, akapiga jembe ardhini.

"Hapa," akasema, na sauti yake ikasikika mpaka barabarani. "Alale karibu na baba yake."

Vijana wakaanza kuchimba. Mguu wangu wa kulia ukaanza tena, nikageuka kutazama barabara. Hapakuwa na gari.